SOMO: Msako wa hazina wa Krismasi ya 1914, Ploegsteert (Ubelgiji)

Jamani inboksi imejaa, kila ikifika Novemba maswali ni yale yale, so naandika hapa mara moja na atakayeniuliza tena namtumia hii.

Kwa asiyejua: mkesha wa Krismasi 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, huku kusini ya mji wa Ypres, Wajerumani waliweka vimti vya Krismasi na mishumaa juu ya mahandaki yao wakaanza kuimba, Waingereza nao wakaimba, na kesho yake watu waliokuwa wanatwangana risasi wakatoka wakakutana katikati, wakapeana sigara na vifungo vya makoti, wakazika maiti zilizokuwa zimelala pale katikati. Hakuna mkubwa aliyetoa amri hiyo. Ndo maana msako huu, wa kutumia namba za GPS kutafuta boksi lililofichwa, lazima uwe na makundi mawili, ukifanya na moja umefanya kitu kingine kabisa.

Hatua 1. Gawa watu makundi mawili, watoto na wakubwa wachanganyike.

Hatua 2. Kundi la kwanza lianzie kwenye mnara wa UEFA (shirikisho la mpira la Ulaya) uliozinduliwa Desemba 2014, jirani na makaburi ya Prowse Point. La pili lianzie mashariki ya kitongoji cha Saint-Yvon, upande waliokuwa Wajerumani.

Hatua 3. Kundi moja lipewe mafumbo ya namba za kaskazini (latitudo) tu, lingine za mashariki (longitudo) tu. Majibu yatoke kwenye vibao na minara ya njiani. Hakuna anayeweza kufika kwenye boksi peke yake, lazima wakutane katikati wabadilishane, na kila kundi litoe kitu kwanza: kifungo, biskuti, hata ubeti wa wimbo. Msiwaharakishe hapo.

Hatua 4. Kuficha boksi. Hapa someni polepole. USIFUKIE. Wakulima wa huku mpaka leo wakilima wanaibua makombora ya vita ile, mengine yana gesi ya sumu, wanayaweka kando ya barabara wanajeshi wa kutegua mabomu waje kuyachukua. Kwa hiyo boksi likae juu ya ardhi: kwenye uwazi wa mzizi, nyuma ya geti la chuma kwa sumaku, na mwenye eneo awe amekubali. Sio makaburini, sio kwenye mnara, sio shambani kwa mtu. Halafu kuna jambo ambalo watu hawaliwazi: hata kama wewe hukufukia, mtafutaji akihisi limefukiwa ataanza kuchokonoa kwa kijiti, hivyo kwenye fumbo la mwisho andika wazi "lipo juu ya ardhi". Na mkiona chuma chenye kutu kimekaa kama chupa nene, msiguse, msipige teke, msikibebe kuwa ukumbusho. Rudini nyuma, pigeni polisi 101.

Hatua 5. Ndani weka daftari, penseli (wino unagoma kwenye baridi) na vizawadi vya kubadilishana. Chokoleti hapana, panya.

Hatua 6. Jaribu mwenyewe siku moja kabla.

MASWALI

Mdau: Nirushie tu lokesheni ya boksi, sina muda wa mafumbo
— Hapana.

Mdau: tuje na koleo au sururu?
— Rudi hatua ya 4. Uisome yote.

Mdau: Nimeweka namba kwenye simu inanipeleka Ufaransa, somo lako lina makosa
— Somo halina makosa. Namba zangu ni digrii na dakika, wewe umeandika digrii za desimali. 50° 44.500 sio 50.44500, hiyo inakutupa zaidi ya kilomita 30 kusini. Badilisha kwenye settingi.

Mdau: Samahani mkuu, ni kweli walicheza mpira?
— Swali zuri sana. Walipiga mpira sehemu sehemu, zipo barua za askari zinazotaja, ila usifikirie mechi yenye refa na magoli. Na sio kila mahali palitulia, kuna sehemu watu waliuawa siku hiyo hiyo. Waambie watoto yote mawili. Pale Saint-Yvon kuna msalaba wa kumbukumbu, watu huacha mipira chini yake, wataupenda.

Mdau: Mimi niko Tanga, naweza kufanya hii huku?
— Unaweza kabisa, tena unayo ya kwako. Baada ya vita vya Tanga, Novemba 1914, pande mbili, Wajerumani na Waingereza, zilikutana chini ya bendera nyeupe kupanga habari za majeruhi. Kundi moja lianzie ufukweni walikoshukia Waingereza na Wahindi, lingine upande wa reli. Ukiandaa nitumie mafumbo, nitakusaidia hesabu.

Mdau: Mimi boksi natumia kopo la shaba la mnadani, linafanana na yale waliyotumiwa askari wa Uingereza Krismasi ile kwa jina la Princess Mary, binti wa mfalme wao
— Safi sana! Yale yalikuwa na sigara na tumbaku, wasiovuta waliwekewa peremende na penseli. Ila lako liweke ndani ya kontena la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, kopo la shaba halizuii maji.

Mdau: Viatu gani?
— Gamubuti. Udongo wa huku Desemba unavua raba mguuni. Na simu iweke mfuko wa ndani, baridi inakula chaji.