Mtaji wa hisa sio hela iliyopo benki
Wadau wa Tanga mnaosajili kampuni BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara), hili lishikeni jamani maana linagombanisha mpaka ndugu. Mtaji wa hisa kwenye mizania (ile taarifa ya mali, madeni na mtaji wa kampuni) ni ile pesa wenye hisa waliyoingiza kununua hisa zao kwa kampuni, basi, inaweza ikawa zamani ishageuka boti na friza pale soko la samaki Deep Sea. Mtaji wa wamiliki ndo jumla ya huo mtaji wa hisa na faida iliyobaki kwenye kampuni: hisa 1,000 za shilingi 10,000 ni milioni 10, faida mliyoiacha ndani milioni 6, inakuja 16, na mkila hasara inashuka japo hisa ziko palepale. Alafu hela mkurugenzi aliyoikopesha kampuni iandikeni kwenye madeni, msiichanganye na hisa, hapo ndo wengi wanachemka wakati wa kugawana.