Kupakia Maparachichi Kwenye Kontena la Ubaridi: Mwongozo kwa Wafungashaji wa Moshi na Arusha

Kontena la ubaridi halikutengenezwa kwa kazi ya kupoza tunda lenye joto la shambani. Kazi yake ni kulinda ubaridi ambao tunda limeingia nao, na mtu akishalielewa hilo, sehemu kubwa ya maagizo ya upakiaji hujieleza yenyewe. Parachichi lililochumwa Siha mchana na kuingizwa kontenani jioni ile ile, nyama yake ikiwa bado na nyuzi joto 22, litachukua siku nyingi kushuka hadi nyuzi 6, na siku zote hizo litaendelea kupumua, kutoa joto na kuelekea kuiva. Safari ya kwenda Ulaya haina nafasi ya siku hizo, hasa kwa vile mwishoni mwa mwaka 2023 meli nyingi za mizigo zilianza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika.

Kwa hiyo upakiaji unaanzia kwenye chumba cha kupozea. Matunda yafikishwe humo mapema iwezekanavyo baada ya kuchumwa, nayo yapozwe kwa feni zinazovuta hewa baridi ipite ndani ya katoni, kwa sababu hewa inayozunguka nje ya paleti (rundo la katoni juu ya jukwaa la mbao) tu hupoza pembeni na kuacha katikati na joto. Kabla ya kutoa paleti yoyote, fungua katoni za katikati, choma kipimajoto cha sindano ndani ya nyama ya tunda hadi karibu na kokwa, usubiri namba itulie, kisha uandike. Kwa parachichi aina ya Hass, makubaliano mengi na wanunuzi huangukia kati ya nyuzi 5 na 6 za Selsiasi, kutegemea ukomavu wa tunda. Kushuka chini ya hapo kwa muda mrefu kunaleta madoa meusi kwenye ngozi na nyama ya kijivu, uharibifu ambao aghalabu huonekana tunda likishaiva huko sokoni. Paleti iliyozidi nyuzi zilizokubaliwa irudishwe chumbani. Ni afadhali kontena liondoke likiwa na paleti pungufu kuliko kuweka paleti moja ya moto katikati ya zile zilizopoa.

Kontena likifika, lisipokelewe kwa kuangalia karatasi peke yake. Hakikisha mashine yake imekaguliwa kabla ya safari, kisha ingia ndani na umwombe mwenzako afunge milango huku akibaki ameshika komeo: ukiona mwanga wa jua ukipenya kwenye mipira ya milango, hapo ndipo hewa baridi itakapotokea njia nzima. Nusa kama kuna harufu ya samaki au kemikali. Piga magoti utazame mifereji ya sakafu hadi mwisho, kwa maana vipande vya kadibodi na mikanda iliyokatwa kutoka kwenye mzigo uliopita huziba njia ya hewa bila mtu kugundua. Mwisho soma nyuzi zilizowekwa kwenye mashine kwa sauti, pamoja na alama yake. Tofauti ya 6 na hasi 6 ni kistari kidogo tu, lakini kwa kistari hicho mzigo wote hugeuka barafu.

Kama ghala lako lina mlango wa kupakilia unaoshikana na kontena bila kuacha upenyo, lipoze kontena kwanza. Kama unapakia uani, jambo la kawaida kwa wengi wetu huku, mashine izimwe wakati wote milango ikiwa wazi. Ikiendelea kufanya kazi, itavuta hewa ya nje yenye joto na unyevu; maji yataganda kwenye koili (mabomba ya kupozea) zake na mengine yatalowesha katoni zikaanza kulegea. Msimu wa masika jambo hili ni la kuogopwa zaidi, nami nashauri upakiaji wa uani ufanyike alfajiri, paleti zikitoka chumbani moja baada ya nyingine bila kupangwa kusubiri juani.

Sasa hewa yenyewe. Katika kontena la aina hii hewa baridi hutoka chini ya mashine, hupita kwenye mifereji ya sakafu, hupanda kupitia matundu ya katoni, kisha hurudi juu ya mzigo hadi kwenye mashine. Hewa hupenda njia nyepesi. Ukiacha sakafu wazi karibu na mlango, itapanda hapo na kurudi bila kugusa tunda lolote, na paleti za nyuma zitaiva wakati mashine inaonyesha kwamba kila kitu ni shwari. Hivyo paleti zibanane, matundu ya katoni ya juu na ya chini yalingane, na eneo lolote la sakafu lililobaki lifunikwe kwa kadibodi ngumu iliyofungwa vizuri isipeperuke. Mzigo usivuke mstari mwekundu wa juu. Paleti zifungwe kwa kona na mikanda. Kuzizungushia nailoni ni kuzinyima pumzi. Mbao za paleti ziwe na mhuri wa kupashwa joto, yaani nyuzi 56 kwa dakika 30 katikati ya ubao, la sivyo nchi inayopokea inaweza kuukataa mzigo.

Tundu la hewa safi lifunguliwe kwa kiwango alichoagiza mnunuzi, isipokuwa kontena likiwa la kudhibiti gesi, ambalo tundu lake hufungwa. Weka vifaa vya kurekodi joto, kimoja katikati na kimoja kwenye paleti ya mlangoni, maana hapo ndipo matatizo huanzia. Cheti cha afya ya mimea cha TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania) kiwe kimekamilika, na namba ya lakiri (muhuri wa mlango wa kontena) ifanane na ile iliyo kwenye nyaraka.

Milango ikifungwa, washa mashine na usubiri kabla ya kuruhusu gari kuondoka. Hewa inayotoka itafika mapema kwenye nyuzi zilizowekwa. Ile inayorudi itakuwa juu kidogo, nayo ishuke taratibu. Ikigoma kushuka, ama tunda liliingia na joto, ama njia ya hewa imeziba mahali, na ni rahisi kufungua mlango Moshi kuliko bandarini. Dereva awe na mafuta ya kutosha ya jenereta, iwe anapita Holili kwenda Mombasa au anashuka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na kila anaposimama aandike saa na nyuzi zote mbili, kisha apige picha ya kioo cha mashine.