Great Ocean Road na washkaji wapya: jinsi ya kupanga safari ya gari ya siku 3 kutoka Melbourne

Kama uko Melbourne, Australia, kwa masomo au umekuja kutembea, na hosteli umeshapata watu wawili watatu mnaoelewana, hii safari usiiache. Barabara inaanzia Torquay, kama kilomita 100 kutoka Melbourne, inafata bahari mpaka Allansford jirani na Warrnambool, kilomita 243, na waliichimba kwa sururu na koleo wanajeshi waliorudi kutoka Vita ya Kwanza ya Dunia, kuanzia 1919 mpaka 1932, kwa ajili ya kuwakumbuka wenzao ambao hawakurudi. Mi nimeipita na makundi tofauti tofauti na ninachokiona kila mara ni kwamba barabara haina shida kabisa, kinachoharibu safari ni watu kutoelewana mapema kuhusu hela, usukani na usingizi. Ndo maana hatua nyingi hapa ni za kabla hamjawasha gari.

Hatua ya 1: Pata watu, halafu kaeni mezani

Jiko la hosteli linatosha, watu wote wanapita pale jioni kupika, na ubao wa matangazo haukosi karatasi ya mtu anayetafuta wenzake wa kuchangia gari. Wengi utakaokutana nao ni Wajerumani, Wafaransa na Waingereza wenye ile viza ya kutembea huku unafanya kazi (sisi Watanzania na Wakenya hatumo kwenye orodha yake, wengi wetu tuko kwa viza ya masomo au ya utalii), yani wana muda mwingi kuliko wewe, kwahiyo taja tarehe yako ya kurudi siku ya kwanza kabisa. Watu 4 kwenye gari dogo ndo idadi sahihi, mkiwa 5 wa katikati anaumia na mabegi hayana pa kukaa.

Halafu ongeeni hela. Sisi tumezoea kuona aibu kumtajia mgeni mambo ya hela, tunasema tutaelewana tu mbele ya safari, lakini hawa wenzetu ukiwaambia wazi hawakasiriki, wanatulia kabisa manake hata wao walikuwa wanasubiri mtu aanze. Kubalianeni haya: gari, mafuta, kambi na chakula cha pamoja tunagawana sawa, bia na kahawa kila mtu ajilipie, na faini ni ya aliyekuwa ameshika usukani. Hilo la mwisho liandikeni kwenye grupu la WhatsApp kabisa, kwa sababu faini ya kamera inakuja wiki kadhaa baadae kwa jina la aliyekodi gari, na kampuni inaongeza ada yake juu, wakati huo mshkaji wako Mjerumani yuko shambani huko Queensland anachuma matunda. Matumizi muwe mnaingiza kwenye aplikesheni ya kugawana kama Splitwise papo hapo dukani, msisubiri usiku.

Muulizane pia nani anaamka mapema, nani anakoroma, nani hali nguruwe, nani hali nyama kabisa. Vinaonekana vitu vidogo lakini ndivyo vitakavyowagombanisha.

Hatua ya 2: Kodi gari kwa macho mawili

Dereva mwenye chini ya miaka 25 kampuni nyingi zinamuongezea ada kwa siku, na wengine hawamkodishii kabisa aliye chini ya 21, kwahiyo aliye mkubwa ndo asaini. Kila atakayeshika usukani jina lake liwe kwenye mkataba. Asiyeandikwa akigonga, bima haimjui, na gharama yote inawaangukia nyie. Soma pia kile kiasi utakachobeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, kinaweza kufika maelfu ya dola, na usome mkataba unasemaje kuhusu barabara za vumbi na kugonga mnyama usiku.

Kabla ya kuondoka zunguka gari lote na simu upige video, rimu, kioo, chini ya bampa, paa, kila kitu. Chukua na picha ya mshale wa mafuta.

Leseni iliyoandikwa Kiingereza inatosha kwa mgeni, isiyo ya Kiingereza lazima iambatane na tafsiri rasmi au kibali cha kimataifa cha kuendesha, kwahiyo wakumbushe hao Wafaransa. Halafu kuna kitu watu hawakifikirii: Australia wanaendesha kushoto kama nyumbani. Wewe wa Dar au Nairobi huna cha kujifunza upya, ila Mjerumani na Mfaransa wamekulia kulia, ndo maana ukifika huko utaona mishale imechorwa chini kwenye lami kukumbusha watu upande. Sehemu ngumu shika wewe. Kipande cha Lorne mpaka Apollo Bay ni kona juu ya kona, mwamba upande mmoja bahari upande mwingine, pale sio pa mtu anayewaza bado kushoto ni wapi.

Pombe mwisho ni 0.05 kwenye damu na polisi wanasimamisha magari yote barabarani wapime, dawa za kulevya pia wanapima kwa mate. Dereva wa siku asiguse. Mkanda wafunge wote mpaka wa nyuma, na simu usiishike hata kwenye foleni, kuna kamera za kazi hiyo tu.

Hatua ya 3: Anzeni Torquay mwelekee magharibi

Usiruhusu mtu awashawishi kuanzia mwisho. Ukienda magharibi, kwa kuwa mnaendesha kushoto, bahari inakuwa upande wenu, kila pa kusimama mnaingia tu bila kukata barabara mbele ya magari yanayokuja. Ukiona foleni nyuma yako usione aibu, kuna sehemu za kuegesha zimetengwa kwa ajili ya wanaoenda pole pole, ingia wapite.

Siku ya 1 ni Torquay, Bells Beach kuangalia watu wanaoteleza kwenye mawimbi (Pasaka kuna mashindano makubwa tangu miaka ya 1960, epuka kama hupendi msongamano), mnara wa taa wa Aireys Inlet, Lorne, halafu Kennett River. Hapo pandisha Grey River Road kwa miguu, taratibu, angalia juu kwenye panda za mikaratusi: donge la kijivu lisilotikisika ndo koala mwenyewe, yule mnyama wa Australia anayeishi mitini. Usimguse, usipige kelele, wala usilishe ndege hata ukiona wengine wanafanya. Laleni Apollo Bay.

Siku ya 2 jazeni mafuta hapohapo Apollo Bay na mshushe ramani kwenye simu, kwa sababu barabara inaingia msitu wa Otway na mtandao unakatika katika mpaka mbali. Mkitoka msituni mnafika kwenye miamba ya chokaa iliyosimama baharini, Twelve Apostles. Mchana mabasi ya watalii yanajaa, nendeni jua linapokaribia kuzama au alfajiri kabisa. Mmoja wa ile miamba ulianguka 2005, bahari inaila kila siku, na ndo maana uzio uliowekwa msiuvuke hata kwa picha, ukingo unamomonyoka. Karibu na Port Campbell kuna daraja la asili wanaloita London Bridge, Januari 1990 kipande chake kiliporomoka na watu wawili wakabaki upande wa baharini mpaka helikopta ikawachukua.

Pale pale jirani kuna Loch Ard Gorge, na mi naomba mkae muda mrefu. Juni 1878 meli ya Loch Ard ikitokea Uingereza iligonga mwamba, ilikuwa na watu 54, wakapona 2 tu, kijana Tom Pearce na binti Eva Carmichael. Mkishuka ngazi mpaka kwenye mchanga mnaona jinsi kuta zilivyobana na mlango wa bahari ulivyo mwembamba, unaelewa yule kijana alivyopata tabu kumvuta mwenzake mpaka ufukweni.

Siku ya 3 malizieni Warrnambool. Kama ni kati ya Juni na Septemba pitieni Logans Beach, nyangumi wanakuja na watoto wao. Ardhi hii yote ni ya wenyeji wa asili, Wawadawurrung upande wa Torquay na Eastern Maar upande wa miamba, wenyewe walikuwepo kabla ya barabara na mabango yao yasomeni.

Hatua ya 4: Kulala na kupika

Kulala kwenye gari kando ya barabara hii hairuhusiwi na askari wa halmashauri wanapita kugonga vioo asubuhi. Weka nafasi mapema kwenye kambi, Johanna Beach ni nzuri sana ila upepo unapiga, misumari ya hema ikandamize kweli. Desemba mpaka Februari angalia kila asubuhi kama kuna marufuku ya moto, siku hiyo hata kikuni kimoja hakiwashwi nje.

Chakula ndo raha yenyewe. Lorne na Apollo Bay kuna majiko ya umeme ya bure kwenye bustani za ufukweni, bamba pana la chuma, unabonyeza kitufe unasubiri lipate moto. Mi naloweka nyama toka Melbourne na tangawizi, kitunguu saumu, limau na pilipili mbichi, inakaa kwenye boksi la barafu, ikifika Apollo Bay imelainika. Tandika foili kwanza, kuna mtu alichoma soseji za nguruwe hapo kabla yako, halafu panga mishikaki ukiigeuza upande upande. Watu wasiojuana wakila nyama ya kuchoma mezani pamoja wanaanza kuongea mambo ya kwao. Ukimaliza futa bamba, ni desturi ya pale.

Hatua ya 5: Bahari hii sio ya kwetu

Kwetu mwamba wa matumbawe unavunja mawimbi mbali, ufukweni maji yanafika yamepoa nguvu. Huku yanakuja moja kwa moja kutoka bahari ya kusini, yana baridi hata kiangazi na yanavuta. Ogeleeni katikati ya bendera nyekundu na njano tu, ndipo waokoaji wanapoangalia. Mkondo ukikubeba usishindane nao, elea, nyoosha mkono. Namba ya dharura ni 000. Chini ya Twelve Apostles usiingie majini kabisa.

Hatua ya 6: Kurudi

Msirudi kwa njia ya bahari usiku, kangaruu wanatoka giza linapoingia na alfajiri. Katisheni ndani kwa Princes Highway kupitia Colac na Geelong, kama masaa 3 kutoka Warrnambool. Jazeni tenki Geelong, pigeni video ya gari upya mkirudisha, na madeni ya Splitwise yalipwe jioni hiyohiyo kabla watu hawajatawanyika. Ile amana ya gari ikirudi kwa aliyekodi, atume picha ya muamala kwenye grupu.