Baada ya mavuno Dodoma: kipi kitoke shambani, kipi kibaki

Ikifika Julai mtama umeshakatwa, alizeti imeshapigwa, na mashamba ya kuanzia Bahi hadi Kongwa yamebaki mabua matupu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Kabla ya mwisho wa Novemba au Desemba hatuitegemei. Wengi huiacha miezi hii yote ipite, kisha Oktoba wanakusanya masalia, wanapiga kiberiti, wanasubiri mawingu. Ndiyo kuberega tulikozoea. Naelewa kwa nini kumedumu: ni kazi nyepesi kwa mtu mwenye jembe la mkono na nguvu kidogo. Lakini udongo wetu mwekundu wa kichanga una mboji kidogo mno, na yale masalia yanayoteketea ndiyo chakula ambacho ungeurudishia bila kutoa senti. Inaniuma kila nikiona moshi ule.

Shamba lisafishwe, ndiyo, ila kwa kuchagua.

Kinachopaswa kutoka kwanza ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Dawa yake hasa ni kung'olewa kabla hakijatoa maua, mvua zikiwa bado zinanyesha. Kama kilikupita, sasa utakikuta kimekaukia mashinani mwa mtama na mahindi. Kikate taratibu, ukitumbukize mfukoni bila kukitikisa. Ukipasua kitumba chake kimoja juu ya kiganja utaona vumbi la kahawia. Kila chembe ya vumbi hilo ni mbegu. Mmea mmoja hutoa mbegu makumi elfu, nazo hukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja mzizi wa nafaka. Kichome nje ya shamba. Huo ndio moto pekee ninaoukubali. Weka alama pale kilipoota, na msimu ujao panda kunde au alizeti mahali hapo: mizizi yake hukiamsha kiduha, kisha kinakosa cha kunyonya na kufa. Ukirudi kwenye mtama, ulizia mbegu za Hakika na Wahi, ambazo zinakivumilia.

Adui wa pili amejificha. Pasua bua la mtama chini, karibu na ardhi. Ukiona tundu na ungaunga wa kinyesi, fuata njia hiyo hadi umkute funza wa mabua, rangi ya maziwa na madoadoa ubavuni, amelala. Atalala hivyo kiangazi kizima. Mvua zikianza anageuka nondo na kutaga kwenye mimea yako michanga. Kwa hiyo usiyaache mabua yamesimama hadi Novemba. Yakate usawa wa ardhi, uyalaze juani yakiwa yametawanyika kwa wiki nne hivi. Joto litawaua wengi, na mabua yenyewe yatabaki kufunika udongo. Ukikata, angalia pia machipukizi yanayoota kwenye visiki vya mtama. Yana sumu inayoweza kumuua ng'ombe kwa muda mfupi, hasa yakiwa machanga au yamenyauka kwa jua. Yang'oe kabla mifugo haijaingia.

Sasa suala gumu la mifugo. Kwetu shamba likishavunwa huwa malisho ya kila mtu, na ukibaki peke yako na mabua yako utagombana na jirani. Hili limalizwe kwenye mkutano wa kitongoji, mapema, kabla ya kuvuna. Kwa upande wako, gawa masalia: nusu yapandishe kwenye chanja kwa ajili ya mifugo yako ifikapo Septemba, nusu yaache yametandazwa. Lengo ni angalau asilimia 30 ya uso wa shamba iwe imefunikwa mvua ya kwanza inapopiga. Mchwa watakula sehemu, ni kweli. Hata hivyo kinachobaki kinatosha kupunguza kasi ya maji.

Samadi itoe zizini sasa. Ilundike kivulini, ifunike kwa majani au turubai kuukuu, igeuze kila baada ya wiki kadhaa, na kama kuna maji machafu ya kuoshea vyombo, yamwagie humo. Kufikia Oktoba inapaswa kuwa nyeusi, isiyo na joto wala harufu kali. Samadi mbichi huchoma miche na huleta magugu mapya.

Iweke wapi? Hapa ningependa tujifunze kwa majirani zetu wa kijiji cha Chololo, waliotupa mashimo yanayoitwa kwa jina la kijiji chao. Shimo moja lina upana wa sentimita 22 hivi na kina cha sentimita 30. Kutoka shimo hadi shimo ni sentimita 60, mstari hadi mstari sentimita 90, na mistari inakata mteremko. Udongo uliochimbwa unauwekea kingo kuzunguka shimo. Ndani tia majivu kidogo ya kufukuza mchwa, samadi iliyoiva na masalia, rudisha udongo kiasi, acha nafasi juu maji yatuame. Kazi ni nzito, sitakuficha: ekari moja inameza mashimo 7,500 hivi. Kwa hiyo anza na nusu ekari. Ukichimba 50 kila asubuhi kabla jua halijawa kali, kuanzia mwanzoni mwa Agosti, utamaliza katikati ya Oktoba. Jua la Februari likikatiza mvua, mtama wa nusu ekari hiyo ndio utakaokuwa bado umesimama. Mwenye maksai apasue mistari kwa ripa, jembe la kuchana udongo, bila kugeuza udongo wote, au atengeneze matuta na kuziba mifereji kati yake kwa udongo kila baada ya mita kadhaa.

Unapofyeka, using'oe visiki vyenye machipukizi. Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na yenye afya, pogoa mengine, funga kitambaa ili wachungaji wajue kuna mwenyewe. Mti wa kisiki hai una mizizi tayari ardhini, hauhitaji kumwagiliwa kama mche.

Ghala nalo lifagiliwe kabisa. Punje za mwaka jana ndizo makazi ya dumuzi, mdudu anayetoboa nafaka. Karanga zilizovunda au kuota ukungu zizikwe, zisiliwe wala zisipewe kuku. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara.

Mwishoni mwa Oktoba fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wa mvua za Novemba hadi Aprili, ndipo uamue mtama wa muda mfupi kama Macia upewe eneo kiasi gani. Na kama unapanda mbegu uliyohifadhi mwenyewe, ijaribu kwanza. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, ziweke kivulini, na usiache kitambaa kikauke. Baada ya siku tano hesabu zilizoota. Zikifika 80 panda kama kawaida. Zikiwa kati ya 50 na 80 ongeza punje kwa kila shimo. Chini ya hapo, tafuta mbegu nyingine mapema, kabla maduka ya pembejeo hayajajaa watu.