Taa za Roadster ya zamani: rekebisha njia ya umeme kabla ya kununua balbu

"Fundi, niwekee LED, usiku sioni kitu." Ombi hili nalisikia kwa karibu kila mwenye gari dogo la michezo la miaka ya tisini hapa Kampala. Ukiipima balbu yake utakuta ni nzima. Umeme ndio haufiki: umepita kwenye swichi iliyochoka, plagi iliyoungua kidogo na ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari) iliyoshikwa na kutu, ukafika mbele ukiwa umepungua. Balbu mpya ikiwekwa hapo itakunywa umeme uleule mdogo.

Mwongozo huu ni wa Mazda MX-5 ya kwanza, ile iliyouzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster kuanzia 1989 na kuendelea kutengenezwa hadi 1997, yenye taa za mbele zinazoinuka. Mwenye Toyota Celica au MR2 ya enzi hizo naye atanufaika, ila skrubu na fyuzi atazikuta mahali pengine. Tafadhali usikubali mtu akate nyaya za asili wala kutoboa taa. Tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza gari lililofikisha miaka 15, kwa hiyo Roadster tulizo nazo ni hizi hizi zilizokwisha kuingia.

Hatua ya 1: Inua taa, kisha izime mota

Inua taa kwa kitufe cha dashibodi, zima gari, halafu chomoa fyuzi iliyoandikwa RETRACTOR kwenye kisanduku cha fyuzi chini ya boneti. Usiruke hatua hii. Mota ile ina nguvu ya kutosha kuumiza vidole, na mtoto akigusa kitufe huku mkono wako uko ndani, utajuta. Taa ikigoma kuinuka, ondoa fyuzi hiyohiyo kwanza, tafuta kifuniko cha mpira juu ya mota, kitoe, na uzungushe kinobu kilicho chini yake mpaka taa isimame.

Sasa fungua fremu ya plastiki inayozunguka taa, kisha pete ya chuma inayoishika. Skrubu hizi ni za kiwango cha Kijapani, JIS. Bisibisi ya msalaba ya kawaida haikai sawasawa ndani yake; huteleza na kula kichwa cha skrubu. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu, usubiri, ndipo ufungue. Utaona pia skrubu mbili ndefu zenye springi: hizo ni za kuelekeza mwanga, usiziguse kwa sasa.

Hatua ya 2: Pima

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo wengi wanaporuka. Hakikisha plagi imechomekwa kwenye balbu, washa injini, washa taa za dimu (mwanga wa chini). Pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye balbu ikiwa inawaka, ukichomeka ncha za multimita (kifaa cha kupimia umeme) nyuma ya plagi. Kupima plagi ikiwa imechomolewa hakusaidii, kwa sababu hata waya mbovu huonyesha volti nzuri usipobeba mzigo.

Kumbuka Roadster hii ina betri ndani ya buti, upande wa nyuma kabisa. Utahitaji kipande kirefu cha waya cha kurefushia ncha moja ya multimita. Waya huo ndio utakaokuambia hasara iko upande gani: shika chanya ya betri na chanya ya balbu, soma, halafu shika hasi ya balbu na hasi ya betri, soma tena.

Mfano wa Roadster moja niliyoipima Ndeeba, hapa Kampala. Kwenye betri injini ikinguruma: volti 14.1. Kwenye balbu: 11.9. Upande wa chanya ulipoteza 1.4, upande wa ethi 0.8. Volti mbili na kitu zinasikika kama jambo dogo, lakini mwanga wa balbu ya halojeni hushuka haraka kuliko volti. Volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Gari lile lilikuwa linatupa zaidi ya theluthi ya mwanga wake, na mwenyewe alikuwa ameshanunua balbu mara mbili.

Hatua ya 3: Safisha ethi

Fuata waya mweusi unaotoka kwenye plagi ya taa mpaka ulipofungwa kwenye bodi. Fungua bolti, piga msasa pete iliyo mwishoni mwa waya na bati lenyewe mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu, kisha paka vaselini juu yake kuzuia unyevu. Baada ya misimu kadhaa ya mvua na vumbi la murram, mahali hapa huwa pamegeuka kahawia. Pima tena. Ukiona upande wa hasi unapoteza chini ya volti 0.2, endelea.

Hatua ya 4: Weka rilei

Balbu ya gari hili, aina ya H4 (halojeni yenye nyuzi mbili), ni wati 55 kwa dimu na 60 kwa fulu (mwanga mrefu). Balbu mbili za fulu zinavuta karibu ampea 10, na mzigo huo hauna sababu ya kupita kwenye swichi yenye umri wa miaka thelathini. Acha swichi iamshe rilei tu, yaani swichi ya umeme inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Umeme mzito upite njia fupi.

Ondoa kwanza waya wa hasi wa betri kule kwenye buti. Chukua rilei mbili za miguu minne, moja ya dimu, moja ya fulu. Chanya usiivute kutoka kwenye betri, ni mbali. Ichukue kwenye kisanduku kikuu cha fyuzi mbele, kwenye bolti inapofikia kebo nene kutoka nyuma. Kila rilei ipate fyuzi yake ya ampea 15 karibu kabisa na bolti hiyo, kisha mguu wa 30 (namba za miguu zimeandikwa kwenye rilei). Kutoka mguu wa 87, waya wa milimita za mraba 2.5 uende kwenye balbu zote mbili. Ethi ya balbu nayo iwe ya unene huohuo.

Kwa kuamsha rilei, tumia plagi moja ya zamani. Magari mengine ya Kijapani huwasha taa kwa kuunganisha upande wa hasi, na hapo ndipo mafundi hupotea. Njia ya kuepuka fumbo: mguu wa 85 wa rilei zote mbili uende kwenye pini ya pamoja ya plagi ile, mguu wa 86 wa rilei ya dimu kwenye pini ya dimu, wa rilei ya fulu kwenye pini ya fulu. Koili ya rilei ya kawaida haijali chanya iko upande gani. Hakikisha tu umenunua isiyo na dayodi ndani.

Jambo moja la taa zinazoinuka: waya hupinda kila taa inapopanda na kushuka. Tumia waya wenye nyuzi nyingi nyembamba, uache ulegevu, na uzungushe kinobu kwa mkono kutoka chini hadi juu ukitazama kama kuna mahali unapobanwa. Ukiridhika ndipo urudishe betri na fyuzi ya mota.

Hatua ya 5: Taa yenyewe

Taa ya Roadster ni duara la inchi 7, saizi ileile ya Land Rover Defender na Land Cruiser nyingi za zamani. Kwa hiyo ukienda Kisekka, soko la spea hapa Kampala, huna haja ya kuuliza spea za Mazda. Uliza taa ya inchi 7 ya H4, ya kioo, ya gari linaloendeshwa kushoto mwa barabara kama letu. Taa iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani au Ulaya bara itamulika macho ya wanaokuja, hata uielekeze vipi.

Balbu ya LED ndani ya taa ya halojeni siiweki. Kiakisi, yaani kioo cha ndani kinachorusha mwanga mbele, kilichorwa kufuata mahali uzi wa balbu ulipo. LED hutoa mwanga kutoka mahali pengine, ukasambaa ovyo. Unaona majani ya kando yaking'aa, lakini boda asiye na taa mita 60 mbele humwoni. Ukitaka LED, nunua taa kamili iliyoundwa kuwa LED, yenye mstari wa kukata mwanga. Nazo balbu za wati 100 ziache, zinayeyusha plagi.

Hatua ya 6: Nyuma

Taa za nyuma hufunguliwa kutoka ndani ya buti. Gasketi zikichoka maji huingia, kwa hiyo tazama kama kuna unyevu chini ya zulia. Safisha soketi kwa msasa laini. Hapa LED inafaa, hasa kwenye breki, kwa kuwa huwaka haraka kuliko uzi. Nunua nyekundu, maana nyeupe nyuma ya kioo chekundu hutoa rangi ya waridi. Indiketa zikianza kupepesa haraka mno, badilisha flasha (kifaa kinachozipepesa) iwe ya kielektroniki. Rezista pia hufanya kazi, ila hupata moto mkali. Ifunge kwenye chuma, mbali na plastiki.

Hatua ya 7: Elekeza mwanga

Tafuta sakafu tambarare na ukuta. Jaza upepo matairi sawasawa, mtu akae kwenye kiti cha dereva. Ukiwa mita 5 kutoka ukutani, weka alama ya urefu wa katikati ya kila taa, kisha zungusha zile skrubu za springi mpaka ukingo wa juu wa dimu ukae sentimita 5 chini ya alama. Upande wa kushoto ukingo lazima upande. Ukipanda kulia, umeuziwa taa ya nchi nyingine, irudishe. Mashimo na matuta hulegeza skrubu hizi, hivyo urudi kwenye ukuta huohuo baada ya safari ndefu ya kwanza.