Kusoma kijito cha mlimani: anza na mawe

Wengi wakifika kwenye kijito huchota maji kiganjani, wakiyaona maangavu wanasema ni masafi. Mimi maji siyaamini sana, maana yamefika sasa hivi na yanakwenda zake. Wadudu waliong'ang'ania chini ya jiwe ndio wamekaa hapo miezi, na kila kilichopita kimewapitia.

Nenda siku ambayo maji yametulia, si baada ya mvua kubwa. Na ukisikia radi juu mlimani, toka mtoni hata kama ulipo jua linawaka, kwa sababu bonde jembamba hujaa ghafla.

Kabla hujaloa miguu, pita ukingoni utazame umbo la mahali. Penye mteremko mkali, mawe makubwa hujipanga kama ngazi, na chini ya kila kidato pana kidimbwi kinachovunja nguvu ya maji. Mteremko ukipungua, utaona sehemu ya kasi yenye kina kifupi, kisha kidimbwi, kisha kasi tena. Mawe yenye kona kali yameporomoka kutoka karibu. Yaliyoviringika yamesafiri.

Kujua wingi wa maji hakuhitaji kifaa cha bei. Pima mita 5 palipo nyooka, dondosha kijiti katikati ya mkondo, hesabu sekunde. Kikitumia sekunde 10, kasi ya juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya chini hukwaruzana na mawe na kwenda polepole, kisha zidisha kwa upana na kwa wastani wa kina. Kijito cha upana wa mita 1.2 na kina cha sentimita 15 kitakuwa kinapitisha karibu lita 76 kwa sekunde.

Sasa jiwe. Chagua la ukubwa wa ngumi mbili, kwenye maji ya kasi. Tega chujio upande yanakoelekea maji, inua jiwe taratibu, ligeuze juu ya beseni jeupe. Usiwe na haraka; kwa dakika nzima unaweza usione kitu, halafu kidoa kimoja kikaanza kutembea. Mdudu bapa anayekimbilia upande wa pili, mwenye mikia mitatu na matamvua yanayopepea ubavuni mwa tumbo, ni mtoto wa mdudu ambaye akikomaa huishi muda mfupi tu hewani. Mwenye mikia miwili, tumbo lisilo na matamvua na kucha mbili kila mguu ndiye ninayemtafuta zaidi, kwani hutaka maji baridi yenye oksijeni tele. Mikia peke yake isikudanganye: wapo wa kundi la kwanza wenye miwili, kwa hiyo tazama tumbo. Kijibomba cha chembe za mchanga nacho kiache kwanza, kina mwenyewe ndani, kakigandisha kwa hariri yake. Lava, yaani watoto, wa usubi utawakuta wamejishikiza kwa mkia, vichwa vikielekea mkondo unakokwenda, wakichuja chakula kwa vichujio viwili vya kichwani vilivyotandazwa kama feni.

Ukikosa hao wote, ukapata lava wekundu na minyoo myembamba tu, shuku tope au majitaka yaliyomaliza oksijeni.

Kisha okota majani yaliyokwama kati ya mawe. Kijito chembamba chini ya miti hupata jua kidogo, hivyo chakula chake kikubwa hutoka juu, kwenye matawi. Kuvu na bakteria hulainisha jani, ndipo wadudu hulila hadi ibaki mishipa mitupu. Kwenye vijito vingi vya tropiki kaa na uduvi nao hushiriki. Mwaka 1980 mtaalamu wa ikolojia ya mito Robin Vannote na wenzake walieleza jinsi mpangilio huu unavyobadilika: mto ukipanuka na kupata jua, walaji wa mwani huongezeka. Ndiyo maana ukataji wa miti ya ukingoni naona ni hasara mara mbili, chakula na kivuli. Kivuli kikiondoka maji hupata joto, na oksijeni hupungua: maji ya nyuzi 10 hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 25, takriban 8.

Rudisha kila jiwe palepale, upande uleule. Andika tarehe, joto la maji na wadudu uliowaona, kisha msimu ukibadilika upime sehemu hiyohiyo.