Jinsi ya kutumia vivunja dili unaponunua kiwanja

Kasoro inayomtia mnunuzi hasara mara nyingi huonekana siku ya kwanza. Kinachokosekana ni uamuzi uliofanywa mapema kwamba kasoro hiyo peke yake inatosha kuondoka. Kivunja dili, au deal-breaker kama Kiingereza cha kila siku kinavyosema, ni kasoro ambayo ikiwepo mazungumzo yanaishia hapo, hata kama bei ni nzuri, barabara ni ya lami na muuzaji ni mcha Mungu. Mwongozo huu unafuata ununuzi wa kiwanja Tanzania, maana huko kosa moja humeza akiba ya miaka.

Hatua ya 1: Andika orodha kabla hujaonyeshwa kiwanja chochote

Orodha iandikwe nyumbani, na wote wanaochangia hela wakiwepo. Ukishasimama kwenye kiwanja na dalali anakwambia kuna mteja mwingine anakuja jioni, akili yako haiko huru tena. Weka vivunja dili vinne hadi sita. Ukiweka kumi na tano utakataa viwanja vyote, kisha siku moja utachoka na kuitupa orodha nzima, pamoja na vile vya maana.

Hatua ya 2: Chuja kwa swali la nusu bei

Kwa kila kasoro jiulize: ningepewa kwa nusu bei, ningekubali? Ukijibu ndiyo, hicho si kivunja dili, ni hoja ya kupunguziwa. Umeme uko mbali, kiwanja kina mteremko, maji ya bomba bado hayajafika: yote hayo yana gharama inayopigiwa hesabu, kwa hiyo yapeleke kwenye bei. Ukijibu hapana, kiandike.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Wanakataa kiwanja kizuri kwa sababu ya kichuguu, halafu wanakubali chenye mgogoro wa mirathi kwa sababu wamepunguziwa milioni mbili. Punguzo halimwondoi mrithi aliyeachwa nje ya mauzo.

Hatua ya 3: Geuza kila kivunja dili kiwe kipimo

"Muuzaji asiyeaminika" hakipimiki. Andika kitu ambacho mtu mwingine akienda kwa niaba yako atarudi na jibu lilelile. Mfano wa orodha inayofaa:

- Mmiliki amefariki na anayeuza hana barua ya mahakama ya kumteua kuwa msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo hakitoshi.
- Kiwanja kina nyumba ya familia na mume au mke wa muuzaji hajaridhia kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inalinda nyumba hiyo isiuzwe bila ridhaa ya mwenzake.
- Sehemu unayotaka kujenga iko ndani ya mita 60 kutoka bahari, ziwa au ukingo wa mto. Huo ndio umbali uliowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.
- Sehemu hiyo iko ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ukanda uliotengwa kwa ajili ya barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Zipo barabara zenye hifadhi pana zaidi, kama Barabara ya Morogoro eneo la Kimara, ambako nyumba nyingi zilibomolewa mwaka 2017. Pima kwa futi kamba, kisha ukaulize TANROADS, wakala wa serikali wa barabara.
- Maji ya masika huingia kwenye kiwanja.

Hatua ya 4: Kagua kuanzia kilicho rahisi

Usianze kumlipa mpima ardhi. Anza na yasiyo na gharama: tembea kwa majirani watatu bila dalali, uwaulize kiwanja ni cha nani na maji yalifika wapi masika iliyopita. Tazama kuta za nyumba za jirani. Mafuriko huacha mstari. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa kuulizia migogoro. Baada ya hapo angalia ramani ya mipango miji kwenye halmashauri, maana kiwanja kinaweza kuwa kimepangiwa shule au makaburi.

Vyote vikipita, ndipo ulipie upekuzi kwa Msajili wa Hati kama kiwanja kina hati, ujue jina la mmiliki na kama kimewekwa rehani benki. Mpima wa kuhakiki bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, aje mwisho. Kwa mpangilio huu, kiwanja kibovu kinakutoka mkononi ukiwa umetumia nauli tu.

Angalizo moja: muhuri wa serikali ya mtaa kwenye mkataba unashuhudia kwamba mmeuziana. Hauthibitishi kwamba aliyeuza ndiye mwenye mali.

Hatua ya 5: Kimoja kikionekana, simama

Usikipigie kura dhidi ya mazuri. Mwanasaikolojia Amos Tversky alieleza mwaka 1972 namna ya kuchagua ambapo chaguo linalokosa sifa iliyotakiwa huondolewa, bila kutazama sifa zake nyingine. Vivunja dili hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Ukianza kujumlisha na kutoa, umerudi kwenye majadiliano ya bei.

Kinacholegeza watu hapa ni hela iliyokwisha tumika. Umelipa hela ya kuonyeshwa, umelipa nauli, pengine umetoa kishika uchumba, yaani malipo ya awali ya kumzuia muuzaji asimuuzie mwingine, na unaona haya kuondoka. Kwa hiyo usitoe kishika uchumba kabla orodha nzima haijakaguliwa. Ukishatoa, kila jibu baya utalitafutia udhuru.

Kumjibu muuzaji hakuhitaji maelezo marefu: "Asante mzee, kwa hali ya mirathi ilivyo sitaweza kuendelea. Barua ya mahakama ikipatikana, nipigie." Kasoro inayoweza kuondolewa ataiondoa yeye, kwa gharama zake, kabla hela yako haijatoka.

Ukiona kipengele fulani kimekuwa kikali mno, kibadilishe, lakini nyumbani, na kabla ya kwenda kuona kiwanja kinachofuata.